Asiyehesabiwa Hupotea Kimya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. 

Kila mwaka katika gazeti letu huandikwa makala za adabu, za usafi, za kuwatii wazazi na za kujiandaa na mitihani. Mwaka huu naomba ruhusa yenu niandike juu ya ndege, na hasa juu ya kazi ya kuwahesabu ndege wanaozaa visiwani. Najua wapo watakaocheka na kusema ustadh ameishiwa na maneno. Nawaomba msifunue ukurasa kabla ya kunisikiliza.

NDOO YA MAYAI

Msimu wa kusi uliopita vijana wetu watatu walifika madrasa baada ya Alasiri wakiwa na ndoo ndogo. Ndani yake mlikuwa na mayai ya membe, yale yenye madoadoa. Walikuwa wamefuatana na mjomba wa mmoja wao kwenda kuvua, wakateremka katika kisiwa kidogo ambacho membe huzaa, wakaokota. Walikuwa na furaha kubwa, na kwa adabu yao waliniletea mayai sita kama zawadi ya mwalimu.

Nikawauliza, "Mlikuta viota vingapi?"

Wakajibu, "Vingi, ustadh."

"Vingi ni vingapi?"

Wakatazamana.

"Na mwaka jana vilikuwa vingapi?"

Hakuna aliyejua. Na haki lazima isemwe, mimi pia sikujua. Nilipokuwa na umri wao nilikwenda kisiwa hicho hicho na nikaokota mayai kama wao. Ninachokumbuka ni kuwa siku zile tulitembea tukitazama chini kila hatua, kwa kuogopa kukanyaga mayai. Vijana hawa waliniambia wamekizunguka kisiwa kizima mpaka ndoo yao ndogo ikajaa.

Je, ndege wamepungua? Au mwaka huu wamehamia kisiwa kingine? Au ni mimi ninayekumbuka utoto wangu kwa kuupamba? Siwezi kujibu, kwa sababu hapana mtu katika sisi aliyewahi kuandika. Kumbukumbu zetu ni maneno mawili tu, "vingi" na "vichache", na kwa maneno hayo mawili mtu hawezi kujua lolote.

NABII SULAYMAN NA HUD-HUD

Wanafunzi wa darasa la nne na kuendelea wanakijua kisa hiki kutoka Suratun-Naml. Nabii Sulayman (A.S.), pamoja na ufalme wake mkubwa na majeshi yake ya majini, watu na ndege, aliwakagua ndege akagundua kuwa Hud-hud hayupo. Ndege mmoja katika jeshi zima!

Tazameni alivyouliza. Hakukata shauri papo hapo kuwa Hud-hud ametoroka. Kwanza alijiuliza kama ni yeye tu asiyemwona, au kweli ndege yule ni katika wasiokuwepo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na watu wengi huyachanganya. Kisha Hud-hud alipokuja alieleza kuwa ameleta habari ya yakini kutoka Sabaa. Na bado Nabii Sulayman hakuipokea habari hiyo bila ya kuichunguza. Alisema atatazama kama amesema kweli au la, akamtuma na barua.

Katika kisa hiki kimoja yamo mambo manne: kukagua, kumjua aliyekosekana, kutaka habari ya yakini, na kuihakikisha habari. Masheikh wetu wametutolea humo mafunzo makubwa ya uongozi na ya tauhidi, nami sina elimu ya kuongeza juu yao. Ninachosema ni kidogo tu, kwamba mtu asidhani kuwa kumhesabu ndege ni jambo la kipuuzi.

KISIWA CHA COUSIN

Sasa niwapeleke Shelisheli, katika bahari yetu hii hii ya Hindi, ambako upepo wa kusi na kaskazi huvuma kama huvumavyo kwetu. Karibu na kisiwa cha Praslin kipo kisiwa kidogo kiitwacho Cousin. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi, yaani ni kidogo kuliko mashamba ya baadhi ya watu. Zamani karibu chote kilifyekwa kikapandwa minazi kwa ajili ya mbata.

Katika kisiwa hicho alibaki ndege mdogo wa rangi ya kahawia, hazidi shomoro, anayekula wadudu walioko chini ya majani. Miti ya asili ilipokatwa, wadudu wakapungua na ndege naye akapungua. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wamebaki wasiofika 30. Hao ndio waliokuwa wote duniani. Hapana kisiwa kingine walichokuwapo.

Mwaka 1968 shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo leo linaitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa hicho. Baadaye serikali ya Shelisheli ikakifanya hifadhi maalumu kwa sheria ya mwaka 1975, na tangu 1998 kinasimamiwa na shirika la wenyewe wa Shelisheli, Nature Seychelles. Walichofanya mwanzo si jambo la ajabu. Waliondoa miche ya minazi wakaiacha miti ya asili iote. Wadudu wakarudi, na ndege wakaongezeka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakafika 300 na zaidi.

Lakini tumejuaje kuwa walikuwa chini ya 30 na kwamba wakafika 300? Ni kwa sababu walikuwepo watu waliohesabu, wakaandika, na wakawaachia daftari wale waliokuja baada yao.

WANAVYOHESABU

Kazi yao ni ya subira kuliko wengi tunavyofikiri. Tangu katikati ya miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakiwafuatilia ndege hawa mmoja mmoja. Ndege hunaswa kwa wavu mwepesi, hupimwa, kisha huvishwa pete miguuni: moja ya chuma yenye namba, na tatu za plastiki za rangi. Mpangilio wa rangi wa huyu si wa yule. Ndipo mtu aliyesimama chini ya mti na darubini anapoweza kusema, "Huyu ni fulani, mtoto wa fulani, alizaliwa mwaka fulani." Karibu ndege wote wa kisiwa wana pete hizo.

Msimu wa kuzaa unapofika, watu hawa hulipita kila eneo kwa zamu. Humfuata jike anapobeba majani makavu, kwa kuwa jike ndiye ajengaye kiota na ndiye aatamiaye. Dume kazi yake ni kulinda, maana yupo ndege mwingine wa jamii ya mnana anayevizia mayai. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu. Huliatamia siku 18 hivi, na kinda akishaanguliwa hukaa kiotani siku nyingine 18 hivi kabla ya kuruka. Yote hayo huandikwa: tarehe, mahali, nani alionekana, nani hakuonekana. Hata wadudu walio chini ya majani huhesabiwa, ili ijulikane kama chakula kipo.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka Hud-hud. Watafiti wa Cousin, wasipomwona ndege, hawaandiki mara moja kuwa amekufa. Huandika kuwa hakuonekana, kisha humtafuta tena na tena. Ndege hawa ni nadra mno kuruka kwenda kisiwa kingine, kwa hiyo aliyetafutwa vizuri kwa msimu mzima na hakuonekana, basi ni wazi kuwa amekufa. Kwanza huulizwa, "Je, ni mimi nisiyemwona?" Ndipo lije la pili, "Au ni katika wasiokuwepo?"

Wapo pia ndege wa baharini kisiwani humo, maelfu kwa maelfu. Membe weupe hutaga yai moja juu ya tawi tupu bila ya kiota. Wengine huchimba mashimo ardhini wakalala humo. Hawa hawawezi kuhesabiwa mmoja mmoja. Huchaguliwa sehemu chache za kisiwa, zikahesabiwa hizo vizuri, kisha hesabu ikakadiriwa kwa kisiwa chote. Sharti lake ni moja: mwaka ujao ihesabiwe kwa njia ile ile na majira yale yale. Ukibadilisha kipimo kila mwaka, unajidanganya mwenyewe.

FAIDA YA DAFTARI

Mtu atauliza, "Haya, wamehesabu. Kisha?"

Kwa sababu ya hesabu iligundulika jambo lisilotarajiwa. Ndege walipofika 300 na ushei kisiwa kilijaa, na vijana wakakosa mahali pa kuanzisha maisha yao. Hawakuondoka wala hawakukaa bure. Wengi wao, na hasa majike, walibaki kwa wazazi wao wakisaidia kulisha wadogo zao. Hilo lilijulikana kwa sababu kila mmoja alikuwa na pete zake. Bila ya pete watu wangeona ndege watatu kwenye kiota kimoja wakapita zao.

Pia ilijulikana kuwa kisiwa kimoja si salama. Moto mmoja tu, au panya wakiingia, viumbe wote hao wangetoweka. Basi mwaka 1988 walihamishwa ndege 29 kwenda kisiwa cha Aride, na mwaka 1990 wengine 29 kwenda Cousine. Mwaka 2004 wakapelekwa 58 kisiwa cha Denis, na mwaka 2011 wakapelekwa 59 Frégate. Nafasi walizoziacha Cousin zilijazwa upesi na vijana waliokuwa wakingoja. Na kule Aride, penye chakula tele na nafasi tupu, wale 29 walizaana mpaka wakapita elfu moja. Mwaka 2015 ndege huyu aliondolewa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka na kuwekwa daraja nafuu zaidi. Subhana-llah! Kutoka chini ya 30.

Wala hawakulegeza. Mpaka leo wageni wanaozuru Cousin hushushwa kwa boti za hifadhi yenyewe, ili panya asije akaingia pamoja na mizigo katika chombo cha mtu. Panya mmoja mwenye mimba anaweza kuharibu kazi ya miaka 50.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisije nikaonekana nawanyooshea vidole vijana wa ndoo peke yao. Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa niliyoanzia kusomesha, nilikuwa na daftari la mahudhurio kama walimu wote. Darasa lilikuwa na wanafunzi 43. Kila siku jioni nilipiga macho darasani, nikaona limejaa, nikatia alama za kuhudhuria kwa wote. Sikuita majina. Nilikuwa na haraka, na sauti yangu nikiiwekea Maghrib.

Siku moja mama mmoja alikuja kuniuliza maendeleo ya mwanawe. Nikafungua daftari kwa kujiamini nikamwambia, "Alhamdulillahi, hajakosa hata siku moja." Yule mama akanitazama muda mrefu. Kumbe alikuja kwa kuwa amesikia kijana wake anaonekana bandarini kila jioni. Tulipouliza wenzake tukajua kuwa alikuwa na wiki sita hajaingia darasani.

Wiki sita! Na daftari langu lote limeandikwa yupo.

Sijapata kuona aibu kama ile. Kosa la kijana lilikuwa kukosa darasa. Langu lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu niliandika nisilolijua. Lau ningeacha nafasi tupu, mama yake angejua mapema. Daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari, maana huwatuliza watu ambao ingepasa wawe na wasiwasi. Tangu siku ile naita majina, na nisipomwona mtu namuuliza jirani yake kabla sijaandika. Namshukuru Mwenyezi Mungu kijana yule alirudi, na leo ana familia yake.

Kwa hiyo niliposoma habari za watu wa Cousin wanaosimama chini ya mti saa nzima ili wahakikishe rangi za pete za ndege mmoja, sikuona upuuzi wowote. Niliona amana.

WANAOSEMA NI ANASA

Nimelizungumza jambo hili na baadhi ya wazazi, na majibu yao nayajua. Wa kwanza husema, "Hizo ni kazi za wazungu wenye pesa." Jibu langu ni kuwa kukagua viumbe tumekusoma katika Qur'ani kabla ya wazungu hao. Tena kalamu, daftari na macho mawili havihitaji pesa nyingi.

Wa pili husema, "Watu wana njaa, wewe unazungumzia mayai ya membe." Neno hili nalistahi, kwa kuwa nimekulia katika nyumba ya mvuvi. Sisemi kuwa kula yai la ndege wa halali ni haramu. Hilo ni la masheikh, si langu. Lakini mvuvi huyo huyo ndiye anayemtazama membe baharini ili ajue samaki wadogo wamejaa wapi. Akimaliza mayai leo, kesho nani atamwonyesha samaki? Na tufahamu kuwa katika hifadhi za serikali, kama ile ya Kiunga huku kwetu Lamu ambako membe huzaa wakati wa kusi, kuokota mayai si ruhusa kisheria. Muislamu ni mwenye kutekeleza ahadi na sheria za nchi yake katika mambo ya kheri.

Wa tatu husema, "Allah ndiye Mwenye kuhifadhi." Kweli kabisa. Naye ndiye aliyetufundisha kuwa ndege ni umma kama sisi, katika Suratul-An'am. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud tumesoma kuwa masahaba waliwachukua makinda wa ndege mmoja safarini, mama yao akawa anarukaruka kwa dhiki, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha warudishiwe mama yao. Hakusema ni ndege tu. Kutegemea ni pamoja na kumfunga ngamia.

RAI YANGU

Basi natoa rai tatu kwa madrasa yetu.

Kwanza, tusiokote tena mayai ya membe, na tusiteremke katika visiwa vyao wakati wa kuzaa. Ndege akiruka kwa kuogopa, yai hubaki juani, na jua letu halina huruma. Dakika chache zatosha kumwua kinda aliyemo ndani.

Pili, tuanze daftari letu la ndege hapa hapa. Mnazi ulio nyuma ya madrasa una viota vya mnana, kila mwanafunzi anavijua. Kila Alhamisi wanafunzi wawili wavihesabu, mmoja akihesabu na mwingine akihakikisha, waandike tarehe, saa, idadi na majina yao. Wakiona sifuri waandike sifuri. Wasipokwenda waandike kuwa hawakwenda. Asiandike mtu asichokiona ili kumfurahisha ustadh.

Tatu, wale wenye baba au wajomba wavuvi wawaombe watutajie wanayoyaona wakipita mbali na visiwa: tarehe ambayo membe wamefika, na tarehe walipoondoka. Wasiteremke. Watazame tu kutoka chomboni. Na tukipata ruhusa ya wahusika wa hifadhi, siku moja tutakwenda pamoja nao kujifunza namna ya kuhesabu bila ya kudhuru.

Mwaka wa kwanza daftari hilo halitatuambia kitu. Wa pili litasema kidogo. Pengine wa kumi, ambapo vijana wa ndoo watakuwa watu wazima na mimi nina mvi, mtoto atauliza, "Mwaka ule vilikuwa vingapi?" Na patakuwa na mtu wa kufunua ukurasa akamjibu kwa yakini.

Yale mayai sita sikuyala. Yalikuwa yameshapoa na hayakuwa na wa kurudishiwa. Niliyazika chini ya mnazi, mbele ya vijana wale watatu. Mdogo wao akaniuliza, "Ustadh, tuandike sita?"

Nikamwambia, "Andika." Huo ndio mstari wa kwanza wa daftari letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wanaotunza amana, ndogo na kubwa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.